Mtungi Niliompa Mzee wa Mtaro

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tano kwenye stoo ya kemikali ya kiwanda kimoja cha ngozi, huku Athi River, nilipokaribia kumuua mtu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki nikisema "kulitokea ajali," kana kwamba ajali ni mvua inayojinyeshea yenyewe. Hii ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kutoa dawa. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zilitufikia kwa lori zikiwa zimekauka kwa chumvi. Zililowekwa, kisha zikaingizwa kwenye dramu, yale mapipa ya mbao marefu kuliko mtu ambayo huzunguka polepole kutwa nzima. Humo zilitiwa chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya. Baadaye zilipitia asidi, halafu kromu, ile dawa inayoigeuza ngozi kuwa ya samawati na kuizuia isioze. Kila hatua ilikuwa na dawa yake, na dawa zote zilipitia dirisha langu.

Tulipima kwa macho. Supavaiza wetu, mwanamume mrefu kutoka Kangundo aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alikuja dirishani akainua vidole: chokaa magunia matatu, asidi mitungi miwili. Hakuna aliyejua uzito wa ngozi zilizokuwa ndani. Dramu likiwa nusu, dawa ilikuwa ile ile ya dramu lililojaa.

"Ongeza kidogo ya Mungu," alipenda kusema, nami niliongeza.

Kilichobaki kwenye mitungi hakikurudi rafuni. Mtungi uliofunguliwa ulinichafulia rafu na kunisumbua kuuandika upya, kwa hiyo kilichobaki kilimwagwa. Kiwanda kizima kilikuwa na mtaro mmoja, na mtaro huo ulimeza kila kitu.

Mtu wa mtaro huo alikuwa mwanamume wa Kivaa ambaye sote tulimwita mzee, ingawa hakuwa amefika miaka sitini. Alikuwa na reki yenye mpini mrefu, na kazi yake ilikuwa kuvuta manyoya yaliyoziba njia ya maji. Kila asubuhi alipita dirishani kwangu na kuniita, "Wakya?" Mimi nikaitikia, "Aa," kama tunavyosalimiana Wakamba, ndipo nikahisi siku imeanza.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nasafisha stoo kwa sababu mkubwa wa kiwanda alikuwa na mazoea ya kupita Jumatatu. Nyuma ya mlango nikakuta mtungi wa asidi uliokuwa karibu nusu, lebo yake imeshaliwa na unyevu. Mzee alikuwa akipita na reki begani.

"Mzee, nisaidie," nikamwambia. "Mwaga hii kwa mtaro, uweke maji mengi."

"Ni nini hii?"

"Ni ile tu ya kawaida."

Aliushika mtungi kwa mikono miwili akaenda nao. Sikuuliza ni dramu gani lililokuwa likifunguliwa wakati huo. Nyuma ya ukuta vijana walikuwa wametoka tu kuachilia maji ya chokaa na dawa ya manyoya. Maji hayo yana ukali wake, yanachubua ngozi, lakini yakiwa peke yake hukaa kimya. Yakikutana na asidi hutoa hewa yenye harufu ya mayai viza, na hewa hiyo ikizidi huua pua kwanza, hata usijue kwamba bado unaivuta. Nilikuwa nayajua hayo. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani stoo, nyuma ya kalenda.

Nilisikia reki ikianguka kwenye saruji. Nilipotoka mlangoni nilimwona mzee amelala kifudifudi kwenye ukingo wa mtaro, mkono mmoja umezama majini. Nikakimbia. Sikufika mbali. Supavaiza alinidaka ovaroli kwa nyuma, nusura anikabe.

"Usiende! Utalala hapo na yeye!"

"Anakufa!"

"Na ukienda mtakufa wawili. Leta kulabu! Funga hiyo dramu!"

Kulabu ilikuwa chuma chenye mpini mrefu cha kuvutia ngozi nzito kutoka ndani ya dramu. Supavaiza alivuta pumzi, akaizuia, akanyoosha kulabu mpaka ikashika mkanda wa aproni ya mzee. Wanaume wawili wakamsaidia kuvuta kutoka nyuma. Walimburuta juu ya saruji hadi nje, kulikokuwa na upepo wa uwandani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Alikuwa akipumua, lakini kwa shida, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani. Pikapu ya kiwanda ikampeleka hospitali, na mimi nikabaki nimesimama, nimeshika kofia yake.

Alilazwa karibu wiki mbili.

Jumatatu tuliitwa ofisini. Mkubwa wa kiwanda alikuwa mama mhandisi, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwa ametimiza mwaka tangu aje kwetu. Mezani palikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema mfanyakazi alikuwa hajavaa barakoa na kwamba alimwaga kemikali bila ruhusa. Ilikuwa barua ya onyo, na ilimngojea mtu aliyekuwa bado ana mpira wa hewa puani. Supavaiza alitazama sakafu. Mimi nilitazama mlango. Nakumbuka nikifikiri kwamba nikinyamaza dakika mbili tu, jambo hili litapita.

"Mimi ndiye niliyempa," nikasema. "Nilimtuma mimi."

"Ulimwambia ni asidi?"

"Nilimwambia ni ile ya kawaida."

Mkubwa alikunja barua mara mbili akaiweka kando. Nilijua kinachofuata ni kufukuzwa kazi, na tayari nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mama yangu kule Masii. Lakini aliuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa pale.

"Kwa nini hiyo asidi ilibaki?"

"Kwa sababu tulitoa nyingi kuliko iliyohitajika."

"Na kwa nini mlitoa nyingi?"

Nilimtazama supavaiza, naye alikuwa akivitazama vidole vyake.

Adhabu yangu ilikuwa ya ajabu. Kwa wiki mbili dirisha lilipewa mtu mwingine, nami nikaambiwa nisimame kando ya mtaro, mahali palipo na upepo, kutoka asubuhi hadi kufunga. Hakuna cha kumwagwa bila mimi kukiona na kusema sawa. Siku ya kwanza vijana walinicheka, wakaniita askari wa maji machafu. Siku ya tatu nikaanza kuona. Maji ya chokaa yalipita meupe, mazito kama uji, na nusu ya chokaa ilikuwa haijafanya kazi yoyote. Kromu ilipita kwa rangi yake kamili, kana kwamba imetoka stoo asubuhi hiyo. Ilikuwa kama kumtazama mtu akipika sufuria ya nyama, anaonja vijiko viwili, kisha anamwaga iliyobaki na kuwasha jiko upya. Miaka mitano nilikuwa nimeketi dirishani nikidhani natoa dawa ya ngozi. Nyingi ilikuwa dawa ya mtaro.

Mzee alipotoka hospitali alienda kwao kupumzika. Jumamosi moja nikasafiri hadi Kivaa, nikachukua boda boda mpaka kwake. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba na mkewe, wakichagua mawe kwenye ndengu. Alikuwa amekonda shingo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini nilipofika yote yalitoroka.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ule mtungi ulikuwa asidi. Nilijua, na sikukwambia."

Aliendelea na ndengu zake kidogo. "Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "nilikuuliza ni nini."

"Uliniuliza."

"Unajua kwa nini nilikuuliza? Mimi sijui kusoma."

Sikuwa najua. Hakuna aliyejua. Miaka yote hiyo alikuwa amepita mbele ya lebo zangu, na mimi nilidhani anazisoma.

"Nilikuwa nasoma na pua," akasema. "Chokaa naijua. Asidi naijua, inachoma hapa juu. Kromu haina harufu sana lakini naijua kwa ulimi, ukipumua karibu. Ile siku nilikuwa na mafua. Sasa hata pua yenyewe imeenda. Huyu mama anakaanga kitunguu, mimi sisikii kitu. Hii chai ni maji moto tu."

Nikaanza kulia. Mkewe alinisogezea kikombe. "Usilie, chai inapoa," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye alishalia zamu yake akamaliza.

Mzee alingoja nitulie. "Ukitaka kunisaidia, si kuniletea sukari. Weka alama. Mbuzi yangu inakula pamoja na ya jirani, na hakuna mbuzi imeenda shule. Lakini jioni kila mtu anajua yake, kwa sababu masikio imekatwa alama. Hiyo stoo yako iko na maandishi mingi na haina alama hata moja."

Niliagana nao nikaenda kulala kwa mama yangu, Masii. Asubuhi nilitoka nje na kikombe kuchota maji ya kupigia mswaki, na mkono wangu ukasimama hewani. Maji ya mama yalikuwa ndani ya pipa la plastiki la buluu. Nililijua pipa hilo. Nilikuwa nimelileta mimi mwenyewe, miaka miwili nyuma, kama zawadi. Kiwandani mapipa matupu yaligawiwa wafanyakazi, na mengine yalifika hadi sokoni siku ya soko, na watu waliyapenda kwa kuwa ni magumu na yana kifuniko. Hili lilikuwa limebeba kromu.

Nilimwaga maji yote, nikachukua panga, nikalitoboa pipa mara nne.

Mama alitoka mbio. "Umeshikwa na nini, wewe? Unaua pipa langu!"

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama yangu, "hili lilikuwa la dawa ya ngozi. Ni sumu."

"Nililisugua na majivu!"

"Majivu haitoshi."

"Miaka miwili nimekunywa na bado niko hapa nakugombeza!"

Nilimpeleka hospitali akapimwa, akaonekana yuko sawa, na alinicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Hata hivyo hakunisamehe kabisa mpaka nilipomletea pipa jipya la dukani. Niliporudi kazini jambo la kwanza nililomwomba mkubwa wetu ni kwamba mapipa matupu yasitoke tena getini. Alikubali. Ilichukua miezi kadhaa ya simu na barua, lakini leo lori linaloleta kromu huondoka na mapipa yake matupu, yakajazwe tena. Wafanyakazi walinuna, na sikuwalaumu, kwa sababu pipa zuri ni pipa zuri. Nilichoweza kufanya ni kusimama mbele yao wakati wa chai na kuwaeleza habari ya pipa la mama yangu. Baada ya hapo watu watatu walikuja faraghani kuniuliza, "Na langu, ni la nini?"

Mzee alirudi kazini mwezi wa pili baada ya ile Ijumaa. Mkubwa hakumrudisha mtaroni. Alimweka stoo pamoja nami na kutwambia, "Wekeni hizo alama."

Tulianza na rangi. Nyekundu kwa asidi, nyeupe kwa chokaa na dawa ya manyoya, buluu kwa kromu. Tulipaka mitungi, milango, hata jagi za kuchotea. Tulifurahi sana. Kabla ya wiki kwisha chokaa ilikuwa imebambua rangi yote ya upande wake, na vijana wakapiga kelele, "Alama zenu zimenyolewa pamoja na manyoya!"

Mimi nilikata tamaa. Mzee hakukata. Alienda sokoni akarudi na mafundo ya kamba za plastiki za rangi, zile za kufungia mizigo, ambazo chokaa haizili. Akafunga kila mshikio wa mtungi, na kila kamba akaipiga vifundo: kimoja kwa kromu, viwili kwa chokaa na dawa ya manyoya, vitatu kwa asidi.

"Rangi ni ya macho," akanieleza, "na fundo ni ya mkono. Ukiwa na glavu bado unasikia. Mwenye hajui kusoma atajua. Mwenye anajua kusoma lakini ana haraka kama wewe, pia atajua."

Hilo la mwisho alilisema akitabasamu, nami nililistahili.

Kisha fundi wa mawe akajenga ukuta katikati ya stoo, asidi ikabaki upande wa geti, chokaa na dawa ya manyoya upande wa pili, kila upande na mlango wake. Mtaro wa pili ukachimbwa kwa ajili ya maji ya asidi. Sheria ikawa moja, na fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja: kamba nyekundu na kamba nyeupe hazipiti mlango mmoja. Juu ya mitaro yote miwili tulining'iniza kulabu ndefu na barakoa, na tukafanya mazoezi ya kumvuta mtu, tukitumia gunia la chumvi. Gunia hilo tulilivuta mara nyingi mpaka likapasuka.

Kilichokuwa kigumu kuliko ukuta na mtaro ni vidole vya supavaiza.

Mkubwa alinunua mizani ya kupimia ngozi kabla hazijaingia kwenye dramu, ili dawa itolewe kulingana na uzito. Supavaiza aliizunguka mizani ile kama mtu anayezunguka ng'ombe asiyemtaka.

"Huu mkono umefanya ngozi kabla wewe uzaliwe," akaniambia. "Sasa nifundishwe na chuma?"

Nilimheshimu. Bila yeye mzee angekufa, na pengine mimi pia. Aliyejibu ni mzee mwenyewe, taratibu, kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Ndugu yangu, mkono wako ni mzuri. Uliniokoa nao. Lakini ule mtungi ulibaki kwa nini?"

Supavaiza aliigusa mizani kwa kidole, akasema, "Tujaribu. Dramu mbili. Moja yangu, moja ya chuma."

Ngozi za mzigo mmoja ziligawanywa sawa. Dramu la kwanza lilipata dawa kwa vidole vyake. La pili lilipata kwa mizani, na rundo la magunia tuliyoyarudisha stoo lilinitia wasiwasi hata mimi. Nilidhani ngozi zitatoka na manyoya nusu kama mbuzi mwenye ukurutu. Siku zilipotimia, ngozi zote zilitandazwa juu ya meza bila mtu kumwambia zipi ni zipi. Supavaiza alivua glavu. Alizikunja, akazibonyeza kwa kidole gumba, akakata kipande pembeni na kutazama kama rangi imeingia hadi katikati. Alirudia mara tatu. Kiwanda kizima kilikuwa kimeacha kazi kikimtazama.

"Sioni tofauti," akasema mwishowe. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza, "Hii ya huku iko laini kidogo kushinda."

Ilikuwa ya mizani. Alicheka, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu ile Ijumaa, na vijana wakapiga makofi juu ya mbao za dramu.

Tangu siku hiyo akawa mkali wa mizani kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyetoa wazo la maji ya chokaa: kwamba badala ya kuyaachilia yote, tuyavute kwenye tangi, yatulie, manyoya na matope yachujwe, kisha yaongezewe chokaa kidogo na kutumiwa tena. Wiki ya kwanza tangi lilinuka hadi barabarani kwa sababu hatukuchuja vizuri. Ya pili tulikosea kiasi na kuharibu ngozi kadhaa. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tumeelewa, na maji yale yale yanarudi kazini mara kadhaa kabla ya kustaafu. Kromu nayo tumeanza kuirudisha hivyo hivyo, ingawa bado inatushinda siku nyingine, na rangi za kumalizia ngozi hatujazigusa kabisa. Mtaro siku hizi hupitisha maji yanayoona aibu kidogo. Hayajawa safi, sitadanganya, lakini huko yanakofika, kwenye mabwawa ya kusafishia, dada anayeyasimamia ananiambia sasa anaweza kula chakula chake cha mchana nje.

Pua ya mzee ilirudi nusu. Anasikia harufu ya moshi na ya sabuni, kitunguu bado. Namba za mizani amejifunza, na yeye ndiye anayewapokea wafanyakazi wapya. Huwafumba macho kwa kitambaa, huwapa kamba mkononi na kuwauliza, "Ni nini hii?" Asiyejibu sawasawa haingii ndani. Mwezi uliopita alimrudisha kijana mwenye cheti cha chuo kikuu mara tatu.

Supavaiza alichukua likizo yake ya kwanza ndefu tangu nimjue, akaenda kwao Kangundo kuvuna kahawa. Siku ya kwanza tu, kabla ya saa tatu asubuhi, simu yangu ikalia.

"Nani yuko kwa mizani?"

"Ni mzee."

Nilisikia matawi yakivunjika, na watu wakiitana mbali shambani.

"Amepima ya asubuhi?"

"Amepima mara mbili. Ameniambia ukipiga simu nikwambie uchume kahawa."

"Basi sawa," akasema, akakata.